Ghiliba, Wala Si Udukuzi

Kila mara kijana wa Quitunda, kijiji walichojengewa waliohamishwa kuupisha mradi wa gesi wa Afungi, Msumbiji, anapouawa katika mchezo wa simu wa Free Fire na adui aliyemlenga kichwa huku ukuta ukiwa kati yao, hupiga ukelele wa "batota!", neno la Kireno la kucheza kwa hila, analolielewa hata bibi yake asiyejua kushika simu, lakini ng'ambo ya Ruvuma, ambako lugha yetu ina walinzi wenye viti na mihuri, kamati nisiyoitaja imetutunukia, kwa maana hiyo, "udukuzi wa michezo", nasi tumetakiwa tushukuru.

Mimi sishukuru. Kudukua ni kuingia kwa siri katika mtambo usio wako. Ilhali mchezaji aliyemlenga kijana huyo hakuvunja mlango wa mtu, kwani habari za mahali walipo wapinzani wake zimekwisha kuletwa na seva ndani ya simu yake mwenyewe, na programu aliyoipachika huzisoma humo humo, ikamchorea adui aliyejibanza nyuma ya ukuta. Nikhil Kumawat, aliyenaswa mashindanoni Shanghai mwezi Oktoba 2018 na programu ya kumlengea shabaha aliyoibatiza "word.exe", alifungiwa miaka mitano, na hakuna seva aliyoivamia.

Neno langu, nililolitoa kabla ya kamati hiyo kukaa, ni ghiliba. Asili yake ni Kiarabu, ghalaba, yaani kushinda na kutamalaki; ndio mzizi uliochongwa tena na tena katika kuta za kasri la Alhambra huko Granada, kwamba hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu; ndio pia uliotuzalia "aghalabu", yaani lile lililo jingi hata likayashinda machache. Wazee wa pwani walipoupokea waliuacha ushindi ndani yake wakaupaka hila, hata kughilibu kukawa ni kumshinda mtu pasipo haki: maana ambayo hadaa haina, kwa kuwa mtu aweza kuhadaa bila kushindana na yeyote, wala udanganyifu hauna, nao umetapakaa tangu sokoni hadi chumba cha mtihani. Msomi mmoja, ambaye simtaji kwa kumsitiri, aliniandikia kwamba mzizi huu ni mzito kwa ndimi za vijana, na waraka wake ulianza kwa "aghalabu".

Matumizi ni mepesi: mchezaji hughilibu, mghilibu hufungiwa akaunti, programu yake ni ya ghiliba, na aliyeiba nywila ya mwenzake, huyo ndiye mdukuzi, kamati na imchukue.