Mwenza wako ni raia wa nje? Hizi ndizo hatua za kupata ukaazi wa kudumu

Babati. Kijana wa Sigino anaoana na Mjerumani aliyekuja kujitolea. Binti wa Bagara anaolewa na Mmarekani. Sherehe ikiisha, majirani wanaanza kuuliza: "Unaondoka lini?"

Jibu la kweli ni kwamba cheti cha ndoa peke yake hakimpi mtu haki ya kuishi nchi ya mwenza wake. Kinampa haki ya kuomba tu. Kuanzia hapo kuna ngazi, na kila ngazi ina masharti yake, muda wake na makaratasi yake. Anayezijua mapema hasumbuki sana. Asiyezijua hujikuta maisha yake yote ugenini yameshikwa na mtu mmoja.

Vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya

Viza ni ruhusa ya kuingia. Kibali cha muda ni ruhusa ya kuishi kwa miaka kadhaa, mara nyingi kwa sharti kwamba ndoa bado ipo. Ukaazi wa kudumu ni haki ya kuishi na kufanya kazi bila kuhesabiwa siku, huku ukibaki na pasipoti yako ya Tanzania.

Uraia ni jambo jingine kabisa. Kwa Mtanzania una gharama yake, na tutaifikia chini.

Anza na makaratasi ya nyumbani

Maombi mengi hukwama huku huku kabla hata hayajafika ubalozini. Mambo ya kuweka sawa ni haya:

*Cheti cha kuzaliwa.* Hutolewa na RITA, na huduma zake hupatikana wilayani. Aliyezaliwa nyumbani na hakuandikishwa bado anaweza kuandikishwa akiwa mtu mzima, kwa kupeleka ushahidi kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha shule ya msingi.

*Majina.* Kama cheti cha shule kinasema Emanuel, kitambulisho cha NIDA kinasema Emmanuel na pasipoti ina jina la babu ambalo halipo kwingine, rekebisha kwanza. Ofisa wa ubalozi hamjui mzee wako, anasoma herufi.

*Cheti cha ndoa.* Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla. Ndoa ya kimila inatambuliwa, lakini mahari kulipwa na wazee kukubaliana hakutoshi ubalozini. Ndoa hiyo lazima iwe imesajiliwa na serikali. Angalia pia cheti kimeandika ndoa ni ya aina gani, ya mke mmoja au ya wake wengi. Mke wa pili, hata kama ndoa yake ni halali Tanzania, kwa kawaida hapewi viza ya mwenza Marekani wala Uingereza.

*Talaka.* Aliyewahi kuoa au kuolewa anahitaji hati ya talaka ya mahakama, siyo barua ya ukoo. Mahakama za mwanzo huandika kwa Kiswahili, hivyo hati hiyo italazimika kutafsiriwa na mtu anayetambulika.

*Cheti cha polisi.* Nchi nyingi hutaka uthibitisho kwamba huna rekodi ya makosa, na hapo utachukuliwa alama za vidole.

Ujerumani: lugha kwanza

Kabla ya viza, mwenza wa Mjerumani kwa kawaida lazima afaulu Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani cha kujitambulisha na kuuliza mambo madogo madogo. Goethe-Institut ya Dar es Salaam hufundisha na kutahini. Kwa mtu wa Babati hiyo ina maana ya kupanga nauli na mahali pa kulala mjini, kwa hiyo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Akifika anapewa kibali cha muda. Baada ya miaka 3 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, iwapo bado anaishi na mwenza wake na amefikia Kijerumani cha ngazi ya B1.

Uingereza: mshahara na miaka mitano

Tangu Aprili 11, 2024, kipato kinachotakiwa kwa wanaoanza njia hii ni pauni 29,000 kwa mwaka. Zamani kilikuwa pauni 18,600. Kwa kawaida kinachohesabiwa mwanzoni ni kipato cha aliyeko Uingereza. Mshahara wako wa Babati hauingii kwenye hesabu hiyo.

Mwombaji anahitaji Kiingereza cha A1 na kipimo cha kifua kikuu, kwa sababu Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zinazopimwa. Viza ya kwanza ni ya miaka 2 na miezi 9. Inafuata nyongeza ya miaka 2 na nusu. Ukitimiza miaka 5 unaomba ukaazi wa kudumu, ukiwa na Kiingereza cha B1 na umefaulu mtihani wa maisha ya Uingereza.

Marekani: Green Card ya miaka miwili au kumi

Anayeanza ni raia wa Marekani, kwa fomu I-130. Baadaye anasaini fomu I-864, ahadi ya kumtunza mwenza, na kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali yao. Ahadi hiyo haifi kwa talaka.

Kama siku unayopewa ukaazi ndoa yenu haijatimiza miaka 2, unapata kadi ya masharti ya miaka 2. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha, nyote wawili mnapeleka fomu I-751 kuondoa masharti. Ukisahau, unaweza kupoteza hadhi yako. Ndoa iliyozidi miaka 2 inapata kadi ya miaka 10 moja kwa moja.

Lakini kuna tahadhari. Desemba 2025 Marekani iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya viza kuanzia Januari 1, 2026, zikiwemo viza za kuhamia. Kabla ya kulipa chochote, soma hali ya sasa kwenye tovuti ya ubalozi.

Kanada: ukaazi tangu siku ya kwanza

Kanada iliondoa masharti ya miaka 2 mwezi Aprili 2017. Mwenza aliyekubaliwa anakuwa mkaazi wa kudumu mara moja. Aliyemdhamini anabaki na wajibu wa kumtunza kwa miaka 3, hata wakiachana. Naye aliyeingia kwa kudhaminiwa na mwenza hawezi kumdhamini mwenza mwingine hadi ipite miaka 5.

Usaili: wanataka kujua nini?

Maofisa wanatafuta jambo moja, kama ndoa ni ya kweli au ya makaratasi. Wanaweza kuuliza mlikutana wapi, nani alikuwepo harusini, mwenza anafanya kazi gani, ndugu zake wanaitwa nani.

Ushahidi mzuri ni ule wa kawaida: picha za nyakati tofauti zikiwa na ndugu wa pande zote, meseji za miezi mingi, risiti za fedha mlizotumiana, tiketi za safari. Picha 200 za siku ya harusi hazishindi picha 10 za miaka mitatu. Usitunge jibu. Kama hujui, sema hujui. Uongo mmoja ukigundulika unaweza kukufungia mlango kwa miaka mingi, hata kama ndoa yenyewe ni ya kweli.

Ndoa ikiharibika kabla hujapata ukaazi

Wengi hawaulizi swali hili kabla ya kusafiri, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu anapigwa au ananyang'anywa simu, halafu anaambiwa: "Ukisema nitakurudisha kwenu." Kitisho hicho mara nyingi si kweli.

Marekani, mwenza aliyenyanyaswa anaweza kujiombea mwenyewe bila saini ya mume au mke, chini ya sheria ya mwaka 1994. Hata fomu I-751 inaweza kupelekwa na mtu mmoja kama kulikuwa na ukatili, au kama ndoa ilikuwa ya kweli ikavunjika.

Uingereza, mwathirika wa ukatili wa nyumbani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu bila kusubiri miaka 5. Njia hiyo inamhusu hata aliyeletwa nyumbani "kusalimia" kisha akatelekezwa huku.

Ujerumani, mkiwa mmeishi pamoja huko miaka 3, unapata haki yako binafsi ya kubaki hata mkiachana. Kabla ya hapo kuna msamaha kwa wenye shida kubwa, ukiwemo ukatili.

Kanada, kwa kuwa ukaazi hauna masharti ya ndoa, kuachana peke yake hakuuondoi.

Kwa hiyo pasipoti yako ishike mwenyewe. Piga picha kila karatasi, kuanzia cheti cha ndoa, kibali na barua za ofisi ya uhamiaji, halafu mtumie ndugu mmoja unayemwamini huku nyumbani.

Ukirudi nyumbani ukakaa sana

Ukaazi wa kudumu unaweza kupotea ukiuacha. Mtu anarudi kumuuguza mzazi, miezi inakatika, na akirudi uwanja wa ndege anaulizwa maswali.

Uingereza, ukaazi wa kudumu hupotea ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Kanada inataka uwe umekaa ndani siku 730 katika kila miaka 5. Marekani, ukipanga kukaa nje mwaka au zaidi, omba hati ya kurejea kabla ya kuondoka. Ujerumani, kibali cha mgeni kwa kawaida hukoma akikaa nje zaidi ya miezi 6 bila ruhusa, ingawa mwenye ukaazi wa kudumu anayeendelea kuishi na mwenza Mjerumani analindwa.

Ukaazi au uraia? Fikiria shamba

Marekani inaruhusu mwenza wa raia kuomba uraia baada ya miaka 3 ya ukaazi wa kudumu, wakiwa bado wanaishi pamoja. Ujerumani nayo, tangu Juni 27, 2024, haimlazimishi tena mtu kuacha uraia wake wa zamani.

Tatizo liko upande wetu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa nje kwa hiari, wa Tanzania unakoma. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mtoto wa Sigino anayetegemea kurithi heka za mahindi na mbaazi za baba yake anapaswa kulijua hili kabla hajala kiapo cha nchi nyingine.

Mwaka 2024 Serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya kuanzisha Hadhi Maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania walioko nje. Hadhi hiyo siyo uraia. Mwenye ukaazi wa kudumu tu haihitaji, kwa sababu yeye bado ni Mtanzania kamili.

Jihadhari na vishoka

Fomu zote zilizotajwa hapa zipo kwenye tovuti za serikali husika, na kuzisoma ni bure. Ada zipo, lakini hulipwa kwa njia rasmi na zina risiti. Akitokea mtu wa stendi anakwambia "nina mtu wangu ubalozini," jua hizo fedha haziendi ubalozini.

Usisaini fomu ambayo hujasoma au hujasomewa. Makosa ya aliyekujazia yatahesabiwa kuwa yako, kwa sababu saini ni yako.