Bunda: Kiti cha Ubunge ni Mali ya Nani?

Kada akiulizwa habari za uchaguzi, mara nyingi hukimbilia hesabu: nani alipata kura ngapi, nani aliangushwa. Hesabu ni ya lazima, lakini haitufundishi kitu iwapo hatuulizi swali la msingi: kiti cha ubunge ni mali ya nani? Katika makala haya tunachukua Bunda, mkoani Mara, kuwa mfano wetu. Mji huu upo katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, baina ya Ziwa Victoria na Hifadhi ya Serengeti. Ni mji wa pamba na biashara, na nchi inayouzunguka ina makabila mengi: Wajita na Waruri upande wa ziwani, Waikizu na Wazanaki upande wa milimani, na wengineo.

Msingi wa 1965

Uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja ulifanyika mwaka 1965. Katika majimbo 107, TANU ilikusudia wananchi wapewe wagombea wawili, wote wanachama, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba. Mikutano ya kampeni ilikuwa ya pamoja. Mgombea hakuruhusiwa kujinadi kwa kabila, rangi wala dini, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili peke yake. Kwa nchi yenye lugha nyingi kama Mara, sharti hilo lilikuwa kinga kubwa dhidi ya ukabila.

Matokeo yaliwashtua wengi. Mawaziri wawili walishindwa. Mmoja wao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyepoteza kiti chake huko Mwanza ingawa ndiye aliyekuwa mwasisi wa ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Mkulima alitamka wazi kwamba sifa ya jana haimlipii kiongozi deni la leo. Mwaka 1970, jirani na Bunda, jimbo la Mwibara lilimpeleka Bungeni Stephen Wassira, kijana ambaye umri wake ulikuwa bado katika miaka ya ishirini. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Mtihani wa 1995

Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika 1995. Bunda CCM ilimsimamisha Joseph Sinde Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 1985 hadi 1990. Wassira, aliyekuwa amehamia NCCR-Mageuzi, akamshinda. Haya yalitokea katika mkoa alikozaliwa Mwalimu Nyerere, mahali ambapo wengi wetu tulidhani Chama kina mizizi isiyotikisika.

Shauri lilifika mahakamani na ushindi ule ukatenguliwa. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu ambayo wanasheria wanainukuu hadi leo kila inapozungumzwa rushwa katika uchaguzi. Wakati shauri likiendelea, Warioba mwenyewe alikuwa ameongoza Tume ya Rais iliyochunguza kero ya rushwa nchini na kutoa taarifa yake mwaka 1996. Hivyo, kutoka jimbo moja la Mara, taifa zima lililazimika kulitazama suala la fedha na kura.

Hata hivyo, mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Lazima tujikosoe hapa. Ukarimu ni mila yetu, lakini mwenyeji humkirimu mgeni bila ya kumwomba chochote. Anayegawa vyakula na vinywaji siku za kampeni anaomba kura. Mahakama Kuu iliibatilisha takrima mwaka 2006, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Mgombea mkulima, asiye na kitu mfukoni, ndiye aliyekuwa anafungiwa mlango.

Bunda Mjini, 2015

Wassira alirejea CCM, akalichukua jimbo mwaka 2005 na tena 2010. Mwaka 2015 jimbo liligawanywa na Bunda Mjini ikawa jimbo pekee. Wassira, wakati huo Waziri wa Kilimo, akashindwa na Ester Bulaya wa CHADEMA, ambaye miezi michache kabla alikuwa mbunge wa Viti Maalumu kwa tiketi ya CCM. Aliyemwangusha Waziri Mkuu mstaafu miaka 20 nyuma, naye aliangushwa na mtu aliyetoka ndani ya chama chake mwenyewe.

Safari hii waliokwenda mahakamani kupinga matokeo walikuwa wapiga kura wanne. Kwanza shauri lao lilitupwa kwa hoja kwamba hawana haki ya kulifungua. Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba wanayo, nalo likasikilizwa. Mwishowe walishindwa na ushindi wa Bulaya ukabaki palepale, lakini jambo moja lilithibitika: mpiga kura ana haki ya kuhoji hesabu ya kura yake, wala haki hiyo si ya wagombea peke yao.

Mwaka 2020 kiti kilirudi CCM kupitia Robert Maboto. Vyama vya upinzani vililalamikia uendeshaji wa uchaguzi ule nchini kote. Kada mkweli hawezi kuliruka jambo hilo, kwa kuwa ushindi unaotiliwa mashaka humnyima hata mshindi nguvu ya kuongoza.

Mafunzo

Tunapata mafunzo matatu. Kwanza, cheo kikubwa hakimlindi mbunge. Bomani, Warioba na Wassira walikuwa viongozi wazito, na wote waliangushwa na wapiga kura walewale waliowafahamu vizuri. Pili, adui wa kudumu wa kura ya mnyonge ni fedha, na adui huyo huanza kazi yake katika kura za maoni ndani ya Chama, kabla wananchi hawajafika kituoni. Tatu, mfumo wa 1965, pamoja na kasoro ya kukataza vyama vingine, ulielewa kwamba pasipo watu wawili wa kuchagua hapana uchaguzi.

Kwa hiyo tunaposema jimbo fulani ni ngome yetu, tujihadhari. Ngome huwa ya walioijenga na wanaoilinda kila siku: wakulima wa pamba, wavuvi, wachuuzi wa stendi ya Bunda. Mbunge ni mlinzi wao wa zamu, na kila zamu ina mwisho wake.