Mfadhili ana jina, mwalimu je?

Ukisafiri kutoka Wote kwenda Kathonzweni, au ukiondoka Kitui mjini kuelekea Mutomo, utaona vibao vingi kando ya barabara. Kibao kitakueleza ni nani aliyefadhili bwawa la mchanga, kisima au darasa. Akina mama wa mwethya waliobeba mawe kutwa kucha juani hawatajwi. Wakitajwa, wanaitwa ‘wanufaika’. Hebu lipime neno hilo. Aliyetoa jasho ndiye mnufaika, na aliyetoa hela ndiye mwenye mradi!

Mtindo huu wa kutaja mfuko na kusahau mkono haukuanza jana. Historia ya elimu yetu inao mfano mkubwa, nao unamhusu mwalimu mmoja, Mmarekani Mweusi, ambaye kazi yake ilifika Kenya bila jina lake.

Wazee waliosoma enzi za ukoloni wanalijua neno ‘Jeanes’. Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete mwaka wa 1925, mwaka mmoja baada ya tume ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Mwafrika. Walimu waliteuliwa kutoka misheni mbalimbali za koloni. Walikuja na wake na watoto wao, wakaishi katika nyumba za mfano wa kijiji. Mume alijifunza kusimamia shule za vijijini, mke naye alifunzwa malezi, usafi na lishe. Kisha walirudi makwao. Mwalimu wa Jeanes hakukaa darasa moja. Alizunguka shule hadi shule akiwaelekeza walimu wenzake, akihimiza vyoo, bustani, maji safi na kazi za mikono.

Basi Jeanes alikuwa nani? Anna T. Jeanes alikuwa mwanamke Mzungu tajiri wa Philadelphia, muumini wa dhehebu la Quaker. Mwaka wa 1907 alitoa dola milioni 1 kusaidia shule za watoto Weusi mashambani kusini mwa Marekani, na mwaka huohuo akafariki. Alitenda wema, na jina lake lilistahili kukumbukwa.

Lakini pesa hazifundishi. Mtu aliyeonyesha jinsi ya kuzitumia ni Virginia Estelle Randolph, binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alikuwa akifundisha katika shule ya chumba kimoja, Henrico, jimbo la Virginia. Aliusafisha uwanja, akapanda miti, akawatembelea wazazi nyumbani, akafundisha kushona na kupika pamoja na kusoma na kuhesabu. Mwanzoni baadhi ya wazazi walimpinga. Walisema watoto wamekuja kusoma vitabu, si kusuka vikapu. Hakukata tamaa.

Mwaka wa 1908 msimamizi wa elimu wa Henrico, Jackson Davis, alimteua kuwa mwalimu wa kwanza wa Jeanes, akizungukia shule zaidi ya 20. Ripoti ya kazi yake ilisambazwa kusini kote, na mamia ya walimu, wengi wao wanawake Weusi, wakafuata nyayo zake. Utaratibu huo ndio uliovuka bahari hadi Kabete, na baadaye Nyasaland na kwingineko. Jina lililovuka nao ni la mfadhili.

Haki inadai tuseme na upande wa pili. Wakoloni waliupenda mpango huu kwa sababu zao. Elimu ya jembe na randa iliwafaa waliotaka Mwafrika abaki chini. Msomi Mweusi W.E.B. Du Bois alimkosoa vikali Thomas Jesse Jones, kiongozi wa tume ile, kwa kuwaamulia Weusi aina ya elimu inayowafaa. Waafrika wengi nao walitaka Kiingereza na vitabu, yaani kilekile walichokitaka wazazi wa Henrico. Lakini tofauti ipo. Randolph aliinua watu wake akiwa miongoni mwao. Wakoloni walichukua mbinu yake, wakaacha roho yake.

Kitui na Makueni (iliyokuwa sehemu ya Machakos hadi 1992) tunaielewa roho hiyo bila kufasiriwa. Sisi tunaiita mwethya. Kiswahili kina neno lake, ‘ujima’. Ajabu ni kwamba Wamarekani Weusi wanalienzi neno hilo kila Desemba tangu 1966, likiwa miongoni mwa nguzo saba za Kwanzaa, huku wengi wetu tukiliona kama msamiati wa mtihani tu. Wao wametutunzia neno. Sisi tumewatunzia nini?

Shule ya Kabete iligeuzwa kuwa chuo cha kufunza watumishi wa serikali mwaka wa 1961, na leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya. Randolph alifariki mwaka wa 1958. Kwao Virginia ana makumbusho yake. Huku kwetu, mwanafunzi wa ualimu anaweza kumaliza masomo akiwa amesoma kuhusu Jeanes na asisikie jina Randolph hata mara moja.

Marekebisho yenyewe si ghali. Mhadhiri anayefundisha historia ya elimu aongeze sentensi moja. Na kamati ya mradi, kule Mutomo au Kathonzweni, ikipeleka kibao kwa fundi, imwambie aandike pia jina la kikundi kilichobeba mawe, na badala ya ‘wanufaika’ aandike ‘wajenzi’. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.