Mbuni, asidi na ladha ya kahawa yetu

MKULIMA mmoja wa upande wa Nandi, jamaa yangu wa miaka mingi, alinijia hapa Eldoret mwezi uliopita akiwa na kigunia cha kahawa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, maoni ya waonjaji. Alitaka nimfafanulie neno moja tu.

“Prof, wanasema kahawa yangu ina asidi. Sasa hii shamba niiwekee magunia mangapi ya chokaa?”

Asicheke mtu. Huku kwetu asidi ni ugonjwa wa udongo. Tumeambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba mbolea ya kupandia mahindi imeharibu mashamba na dawa yake ni chokaa. Kumbe kwa mwonjaji wa kahawa neno hilohilo ni sifa, tena ndiyo sifa kuu inayoifanya kahawa ya Kenya itafutwe na wanunuzi wa ng’ambo. Jamaa yangu, kwa kudhani kahawa yake imekataliwa, alikuwa ameacha kuipeleka kiwandani kwa majuma matatu. Matunda yote ameyaanika na maganda yake, ayauze kama mbuni kwa bei ya kutupa.

Tulitazame neno hili, mbuni. Kamusi zetu zinasema mbuni ni mti wa kahawa: mbuni huu, mibuni hii. Punje zake ni buni, neno la Kiarabu lenye ndugu yake Ethiopia, ambako kahawa huitwa buna. Lakini katika biashara ya kahawa nchini Kenya, mbuni umehama ngeli. Siku hizi ni “mbuni hii”, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake bila kukobolewa wala kuoshwa, aghalabu matunda yaliyookotwa chini au kuchumwa ovyo mwisho wa msimu. Kahawa yetu hupangwa kwa herufi: AA, AB, PB, C, na kadhalika, mpaka chini kabisa kwenye MH na ML. Hiyo M ni mbuni, nzito na nyepesi. Neno letu limeingia sokoni, ndiyo, ila limepewa nafasi ya mkiani.

Na si kwamba kukausha na ganda ni aibu. Harar na Yemen ndivyo wafanyavyo tangu jadi, na kahawa yao inaheshimika duniani. Sisi tulirithi njia ya maji: tunda hukobolewa, punje huvundikwa mpaka utelezi ulegee, huoshwa, kisha huanikwa juu ya meza za waya. Utelezi ukishaondoka, ladha ya punje yenyewe hujitokeza safi, na ule ukali wa matunda ndio unaoitwa asidi.

Sasa, kwa nini mkulima hajui jina la ladha ya zao lake? Historia inajibu. Wamishonari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu waliileta kahawa Bura, Taita, mwaka 1893. Baadaye walowezi waliifanya yao. Wakati Wachaga ng’ambo ya mpaka walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa kufikia 1925, Mwafrika wa Kenya alizuiwa kuipanda. Walisema ataleta magonjwa ya mimea. Walichohofia zaidi, kwa maoni yangu, ni kukosa vibarua. Miaka ya 1930 vishamba vichache viliruhusiwa Kisii na Meru, na mlango haukufunguka sawasawa hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, maabara ya Scott huko Kabete ilichagua SL28, aina inayosifiwa mpaka leo kwa ladha yake. Wazee wetu waliichuma kahawa bila kuinywa. Msamiati wa kuisifu ulibaki kwa walioinywa.

Pwani ni hadithi nyingine. Mombasa na Lamu watu wamekaa barazani wakimiminiwa kahawa kutoka kwenye dele, na tende au halua pembeni. Huko “kahawa chungu” si tusi hata kidogo. Uchungu ndio utamu wake. Ikiwa uchungu unaweza kusifiwa, uchachu una kosa gani? Tatizo ni kwamba kitenzi kuchacha kinatupeleka kwenye chakula kilichoharibika. Ndiyo maana mimi napendelea ugwadu, ule ukali wa embe bichi, ukwaju au limau. Wenzangu wa isimu wanaweza kunipinga. Ila asidi tuiachie udongo.

Jamaa yangu hakujua ugwadu. Nikamuuliza: “Mursik ni maziwa yaliyoharibika?”

Alinitazama kama niliyemtukania mama. “Mursik? Hapana, Prof! Ile ni dawa.”

“Lakini ni kali.”

“Ni kali vile inafaa.”

“Basi hivyo ndivyo walivyoandika kuhusu kahawa yako.”

Alinyamaza kitambo. Kisha akaikunjua tena ile karatasi, akauliza kama mle ndani wametaja bei. Hawakutaja. Akahesabu kwa vidole magunia ya mbuni aliyokwisha kuuza, akafika manne, akaacha. Juma lililofuata alirudi kupeleka matunda kiwandani, na chokaa aliyokuwa amenunua ameimwaga kwenye mahindi.