Gari la umeme nyanda za chai: Tunza betri, linda akaunti

GARI la kisasa la umeme ni vitu viwili katika chombo kimoja: betri yenye magurudumu, na tarakilishi iliyounganishwa na mtandao. Mwenye gari kama hilo Kericho au Bomet hana budi kuvielewa vyote viwili, kwani kosa katika kimojawapo laweza kumwacha barabarani kati ya mashamba ya chai, mvua ya alasiri ikimnyeshea.

Masafa na milima

Betri hupimwa kwa uniti zile zile tuzinunuazo kwa tokeni. Chukua mfano wa safari ya kutoka Kisumu hadi Kericho, yapata kilomita 80. Gari litumialo uniti 15 kwa kila kilomita 100 kwenye barabara tambarare lingehitaji uniti 12. Hata hivyo, Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kericho yapata mita 2,000. Kulipandisha gari la kilo 1,800, abiria wakiwemo, kwa tofauti hiyo hudai uniti 4 zaidi. Ndiyo sababu kilomita zinazoonyeshwa mbele ya dereva hupungua upesi kuliko zile alizosafiri.

Wakati wa kuteremka, mota hugeuka jenereta na kurejesha sehemu ya kawi hiyo. Lakini betri iliyojaa pomoni haina nafasi ya kuipokea. Kwa hivyo, anayetoka Kericho asubuhi kuelekea Ahero afadhali achaji hadi asilimia 80 au 90 tu, mradi chaji hiyo itamfikisha aendako. Mteremko utamwongezea kiasi, na breki zake zitapumzika.

Mwendo wa kasi nao hula betri, kwa kuwa ukinzani wa hewa huongezeka mara nne kasi inapoongezeka maradufu. Magurudumu yenye upepo wa kutosha husaidia. Asubuhi za baridi, kupasha kiti joto hutumia kawi kidogo kuliko kupasha gari zima.

Akaunti ni ufunguo wa pili

Kupitia programu ya rununu, mwenye gari huona chaji iliyosalia, mahali gari lilipo, na hata kuwasha kiyoyozi akiwa mbali. Magari mengine hufunguliwa milango kwa njia hiyo. Aliye na akaunti yako basi anaweza kujua nyendo zako, au kukumalizia betri usiku.

Hatari hii si ya kubuni. Februari 2016, mtafiti Troy Hunt wa Australia alionyesha kwamba nambari ya chasisi pekee, ambayo husomeka kwenye kioo cha mbele, ilitosha kuwasha kiyoyozi cha Nissan Leaf ya mtu mwingine na kusoma kumbukumbu za safari zake. Nissan ilisitisha huduma hiyo kwa muda. Mnamo 2024, watafiti nchini Marekani walifichua dosari iliyowezesha magari ya Kia kudhibitiwa kwa kujua nambari ya usajili tu. Ilikuwa imekwisha kurekebishwa.

Dosari za kiwandani hurekebishwa na kiwanda. Ulinzi wa laini ya simu ni jukumu la mwenyewe. Mulot, mji mdogo mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa mara nyingi na makachero katika visa vya ulaghai wa kubadilisha laini za simu. Tapeli akishaitwaa laini yako, hupokea pia nambari za siri zitumwazo kuthibitisha akaunti.

Ya kuzingatia

Tumia nywila ya gari usiyoitumia kwingineko, na ulinde vivyo hivyo barua-pepe iliyosajiliwa nayo. Usimtajie mtu nambari ya siri iliyotumwa kwa simu, hata akijitambulisha kama mhudumu wa kampuni. Ununuapo gari lililotumika ng'ambo, futa kumbukumbu zote na uhakikishe akaunti ya mmiliki wa awali imeondolewa. Uuzapo lako, fanya vivyo hivyo.

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao inaharamisha kuingilia mitambo ya mwenzio, na ile ya 2019 ya ulinzi wa data inakupa haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Data. Hata hivyo, sheria hufika baada ya madhara. Nywila imara hutangulia.