Sheria za Pombe na Afya ya Maskini

Tumeona vyema kueleza katika taarifa hii namna sheria za pombe zilivyogusa afya za watu wetu. Enzi ya ukoloni sheria ilipima mtu kwa rangi: Mwafrika alikatazwa pombe kali za Kizungu mpaka miaka ya 1950. Huko Pumwani, tangu miaka ya 1920, Baraza la Mji wa Nairobi lilijitwalia peke yake haki ya kuuza pombe ya kienyeji, na faida ikatumiwa kwa mambo ya Waafrika. Yaani mnywaji ndiye aliyejigharimia ustawi wake!

Baada ya uhuru, kipimo kikawa mfuko. Sheria ya 1980 ilipiga marufuku chang'aa, hali bia ya chupa ikiuzwa kwa leseni. Chang'aa haikukoma, ilijificha, na kilichojificha hakina mkaguzi. Novemba 2000, mtaani Mukuru, Nairobi, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 120, na wengine wakapofuka, kwa maana sumu hiyo huharibu mshipa wa jicho. Waliokufa hawakuwa wanywaji wa hotelini.

Sheria ya 2010 iliruhusu chang'aa kwa leseni, ikaweka na saa za kuuza. Hata hivyo, mwaka 2014 methanoli iliua tena makumi ya watu, Embu, Kiambu na kwingineko. Mwaka uliotangulia, bia ya pipa, iliyosamehewa ushuru tangu 2004 ili maskini waache chang'aa, ilikuwa imerudishiwa nusu ya ushuru huo, na mauzo yake yakaanguka. Mwaka 2015 Serikali ikaupunguza tena.