Maneno Ambatani ya Kinorwei: Historia ya Kuunganisha na Kukata

Katika masomo ya mofolojia swali moja hujitokeza kila mwaka: tuandike "kipazasauti" au "kipaza sauti"? Wanafunzi hugawanyika makundi mawili na mjadala huwa mkali. Tumeona vyema safari hii kutoka nje ya Afrika na kuitazama lugha ambayo watumiaji wake wamebishana kuhusu tahajia kwa karibu miaka 200. Lugha hiyo ni Kinorwei.

Kwa karne nyingi Norwei ilikuwa chini ya Denmark, na lugha ya maandishi ilikuwa Kidenmark. Mwaka 1814 Norwei ilitengana na Denmark, ikapata katiba yake, lakini ikaingizwa katika muungano na Uswidi uliodumu hadi 1905. Basi likazuka swali ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalifahamu: taifa lenye katiba yake liandike kwa lugha ya nani?

Majibu yalikuwa mawili. Mwalimu Knud Knudsen (1812–1895) alitaka Kidenmark kibadilishwe hatua kwa hatua kifuate matamshi ya Wanorwei waliosoma. Ivar Aasen (1813–1896), mtoto wa mkulima aliyejisomea mwenyewe, alizunguka nchi kati ya 1842 na 1846 akikusanya lahaja za vijijini. Kutokana na lahaja hizo alijenga lugha mpya ya maandishi, akatoa sarufi mwaka 1864 na kamusi mwaka 1873. Mwaka 1885 Bunge liliamua kwamba lugha zote mbili ziwe na hadhi sawa.

Majina ya lugha hizo yenyewe ni somo la maneno ambatani. Ya kwanza iliitwa riksmål, yaani rik(e) "dola" + s + mål "lugha". Ya pili iliitwa landsmål, yaani land "nchi" + s + mål. Mwaka 1929 Bunge liliyabadili majina hayo kuwa bokmål, "lugha ya kitabu", na nynorsk, "Kinorwei kipya". Majina mapya nayo ni ambatani, ila hayana ile herufi s katikati.

Kwa nini ambatani zilipata nguvu kiasi hicho? Sababu moja ni ya kihistoria. Aasen hakupenda maneno yaliyoingia kutoka Kijerumani kupitia Kidenmark, na Knudsen naye alitoa kitabu kikubwa mwaka 1881 akipendekeza maneno ya Kinorwei badala ya yale ya kigeni. Njia iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa kuunganisha maneno ya nyumbani. Kamusi ni ordbok, "neno" + "kitabu". Hospitali ni sykehus, "wagonjwa" + "nyumba". Televisheni ni fjernsyn, "mbali" + "kuona". Hata shule ya chekechea, barnehage, ni "watoto" + "bustani", neno lililofinyangwa kwa mfano wa Kijerumani.

Tuangalie muundo. Katika Kinorwei neno kuu huja mwisho, kinyume cha Kiswahili. Ordbok ni aina ya kitabu, wala si aina ya neno. Kwetu, katika batamzinga, neno kuu bata huja mwanzo. Wingi nao huonekana mwishoni tu: ordbok, ordbøker. Katika Kiswahili twasema mwanamke, wanawake, mjamzito, wajawazito. Sehemu zote mbili hubadilika japo neno limeandikwa pamoja.

Herufi s ya kuungia ina kazi yake pia. Glasi ya divai ni vinglass. Lakini glasi ya divai nyekundu ni rødvinsglass, na hiyo s hutuonyesha kwamba rødvin "divai nyekundu" imeungana kwanza, ndipo glass ikafuata. Kilicho chekundu ni divai, si glasi.

Tukija kwenye ukataji wa neno mwishoni mwa mstari, kanuni ni mbili. Katika neno sahili konsonanti moja huvuka kwenda mstari wa pili: kas-te "kutupa". Katika ambatani hukatwa penye kiungo. Huseier "mwenye nyumba" ni hus "nyumba" + eier "mwenye mali", hivyo hukatwa hus-eier. Mtu akifuata kanuni ya kwanza atapata hu-seier, na seier ni "ushindi"! Msomaji atapotea njiani.

Hapa historia yajitokeza tena. Wadenmark huandika nat "usiku". Marekebisho ya tahajia ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliwapa Wanorwei natt, yenye t mbili za kuonyesha irabu fupi. Sasa natt + tog "treni" ingezaa t tatu. Kanuni ikasema ziandikwe mbili, nattog. Lakini neno likikatwa, ile iliyofichwa hurudi: natt-tog. Wajerumani walichagua njia nyingine katika marekebisho ya 1996, wakaandika konsonanti zote tatu.

Je, kutenganisha maneno kuna madhara? Wanorwei wana mfano maarufu. Kibao chenye røykfritt humaanisha "pasipo moshi", yaani hapavutwi sigara. Ukiweka nafasi, røyk fritt, unamwambia mgeni: "vuta sigara upendavyo". Nafasi moja imegeuza katazo kuwa ruhusa.

Kwetu mambo hayako mbali. Mjamzito ni mwanamke mwenye mimba, bali mja mzito ni mtu mwenye uzito tu. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, hivyo kukata ni rahisi: mwa-na-fu-nzi. Hata hivyo, kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza inaweza kutupa "mwan-afunzi", na tusiposahihisha, mtoto anayejifunza kusoma atadhani ndivyo ilivyo.

Hatusemi tuige Wanorwei. Wao huandika pamoja kwa sababu ambatani yao hutamkwa kama neno moja, mkazo mkuu ukiwa sehemu ya kwanza. Sisi mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hicho chaweza kuwa kipimo chetu. Tunaposema "mwanafunzi", mkazo mkuu ni mmoja, kwenye fu. Tuwaombe wanafunzi wapime "kipaza sauti" kwa sikio kabla ya kubishana kwa kalamu. Jambo la msingi ni kwamba idara ikubaliane kanuni moja na kuifuata katika tasnifu zote, kwani msomaji asiyejua neno linaanzia wapi hatajua pia linaishia wapi.